Eti Cha Bure Hakisemwi

Mwanzoni mwa 2023 wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili walifanya jambo ambalo ni nadra kuliona popote penye Waswahili zaidi ya wawili: walikubaliana wote. Walipiga kura kwamba mwonekano mpya wa tovuti hiyo, uliopewa jina la Vector 2022, uondolewe na ule wa zamani urudi. Hakuna aliyepinga. Habari ikafika hadi kwenye majarida ya Marekani, ambako kwa kawaida Kiswahili hukumbukwa pale tu filamu ya simba inapotajwa.

Huku kwetu waliopata habari walikuwa wachache, na wengi wa hao wachache, vijana wanaoishi kwa kompyuta, waliwaona wahariri wale kuwa wasumbufu. Hoja yao nimeisikia kuanzia steshenari za Kimara Korogwe mpaka kwenye vimbweta vya Chuo Kikuu pale Mlimani, jijini Dar es Salaam, na haihusu Wikipedia peke yake. Ilisemwa kuhusu Ubuntu, ikasemwa kuhusu Firefox, na itasemwa tena kuhusu programu huria yoyote itakayobadilisha sura.

Niieleze kama wenyewe wanavyoieleza, maana si hoja ya kijinga. Wanasema: programu hizi ni za bure, na waliozitengeneza hawatudai kitu. Mwonekano wa zamani wa Wikipedia, yaani Vector ya kwanza, ulikuwepo tangu 2010. Vioo vya kompyuta vimebadilika na wasomaji wamebadilika. Kabla ya kuusambaza mpya, Taasisi ya Wikimedia, inayoiendesha Wikipedia, iliufanyia kazi kwa miaka, ikaujaribu kwenye lugha kadhaa kuanzia 2020, ikapima. Ulipofika kwenye Wikipedia ya Kiingereza tarehe 18 Januari 2023, ulikuja na takwimu zake: utafutaji umeongezeka kwa asilimia 30, kupandisha na kushusha ukurasa kumepungua kwa asilimia 15. Mistari imefupishwa kwa sababu jicho huchoka kufuata mstari mrefu. Orodha ya yaliyomo imehamishiwa pembeni ili isimpotee msomaji anaposhuka. Sasa mtu ambaye hakutoa hata senti anapiga kelele kwa kuwa kitufe alichokizoea kimehama! Watu hukataa kila kipya, wanasema, kisha huzoea. Asiyezoea abadilishe mipangilio yake, na asiyeridhika na mipangilio achukue msimbo, uko wazi, ajenge ya kwake.

Ni hoja inayopendeza masikioni. Tatizo ni kwamba vipande vyake havielewani vyenyewe kwa vyenyewe.

Kwanza: nani kampa nani?

Ukimwambia mtu ashukuru, ni vizuri ujue kwanza mtoaji ni nani na mpokeaji ni nani. Katika kisa hiki wamegeuzwa. Mwonekano mpya ulibuniwa na waajiriwa: wabunifu, wahandisi na mameneja wa taasisi yenye makao San Francisco, ambayo mapato yake katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023 yalikuwa takriban dola milioni 180, sehemu kubwa ikiwa michango ya wasomaji. Wanalipwa mshahara, na sina ugomvi na mshahara wao. Waliolalamika ndio wasiolipwa. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003, na wakati wa kura ile ilikuwa na makala zaidi ya 70,000, zilizoandikwa na watu wa kujitolea, kwa bando walilonunua wenyewe, baada ya saa za kazi. Kwa hiyo kijana anapomwambia mhariri wa Kiswahili "umepewa bure, shukuru", anamtaka asiyelipwa amshukuru anayelipwa kwa kumvurugia kazi.

Nitaambiwa kwamba si kila mradi uko hivyo. Kweli. Ipo miradi midogo ambayo mtengenezaji ni mtu mmoja, naye hana mshahara, na matusi anayotupiwa usiku na watu asiowajua ni uonevu mtupu. Simtetei anayetukana. Ila hata huko, mtumiaji hakai mikono mitupu. Anaripoti hitilafu, anamfundisha jirani, anatafsiri.

Hapo kwenye tafsiri ndipo penye gharama ambayo mashabiki wa sura mpya hawaitaji kamwe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi katika Kiswahili. Watu walikaa chini wakatafuta jina la Kiswahili la kila amri, kila onyo, kila kisanduku. Sasa fikiria mtu ng'ambo anaamua kwamba menyu zipangwe upya. Maneno yanahama, mengine yanafutwa, mapya yanazaliwa kwa Kiingereza. Siku toleo jipya linapotoka, Kiswahili kina matobo: amri tatu zinasomeka, ya nne ni Kiingereza, ya tano ni Kiswahili cha kitu ambacho hakipo tena. Mbunifu amekwishahamia kwenye kazi nyingine. Anayerudi kuziba matobo ni mtafsiri wa kujitolea, katika kila lugha ndogo duniani, na saa zake hazimo kwenye ripoti yoyote inayotangaza mafanikio ya mwonekano mpya.

Yapo pia mafunzo. Mwaka 2009 Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili, likawavuta wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kwa zawadi. Makala ziliongezeka, lakini shindano lilipokwisha, wengi wa walioziandika wakaondoka nalo. Waliobaki wakaanza kazi isiyo na zawadi: kumkalisha mgeni mbele ya kompyuta na kumwonyesha, bonyeza hapa, kisha hapa. Kila mwongozo wenye picha za kioo, kila video ya mafunzo, huzeeka siku ile sura inapobadilika. Nani anaurudia? Yule yule aliyeambiwa ashukuru.

Pili: zile asilimia

Takwimu zina adabu ya ajabu, zikikaribishwa hukaa popote zilipowekwa. Chukua ile ya 15. Kupungua kwa kupandisha na kushusha ukurasa kulipimwa kwa watumiaji walioingia kwa akaunti zao, maana ndio waliopewa ule upau wa juu unaomfuata msomaji anaposhuka. Lakini mwonekano mpya ulinadiwa kwa jina la msomaji wa kawaida na mgeni, mtu ambaye hana akaunti na hajui kwamba akaunti ipo. Kipimo kimechukuliwa kwa mwenyeji, sifa kapewa mgeni.

Ile ya 30 inasema watu wanatafuta zaidi. Sawa. Mtu hutafuta zaidi kwa sababu kutafuta kumekuwa rahisi, na mtu hutafuta zaidi kwa sababu alichokuwa akikifikia kwa njia nyingine hakioni tena. Namba haisemi ni lipi. Kisanduku kipya cha kutafuta ni kizuri, kina picha na maelezo mafupi, na huenda maelezo ya kwanza ndiyo sahihi. Ila "huenda" haitoshi kumnyamazisha mtu aliyesema kwa kinywa chake kwamba kazi yake imekuwa ngumu.

Na hakuna hata moja kati ya namba hizo mbili zilizopigiwa debe inayogusa jambo ambalo kwa Kiswahili ni la kufa na kupona: lugha.

Kabla ya Vector 2022, ukurasa wa Wikipedia ulikuwa na orodha ya lugha pembeni kushoto, majina yameandikwa wazi. Katika mwonekano mpya orodha hiyo imeingizwa nyuma ya kitufe kilicho juu ya makala, kando ya kichwa cha habari. Wabunifu wanasema sasa kuhama lugha kunaonekana zaidi, kwa kuwa kitufe kiko juu badala ya kuzikwa chini pembeni. Kwa nani? Mfaransa anayejua kwamba makala yake ipo kwa Kifaransa atabonyeza kitufe na kuipata. Yeye hakuwa na shida hata zamani. Sasa mchukue mwanafunzi wa Kidato cha Pili wa Kimara Baruti aliyetumwa na mwalimu atafute habari za volkeno. Anaandika kwenye Google, unafunguka ukurasa wa Kiingereza, kwa sababu Kiingereza ndicho kinachotangulia. Hajui kwamba kuna makala ya Kiswahili. Hajawahi kuambiwa kwamba kuna Wikipedia ya Kiswahili. Zamani, macho yake yakitangatanga pembeni, angeweza kugongana na jina la lugha yake mwenyewe katikati ya majina ya lugha za watu. Kitufe hakimgongi mtu. Kinamngoja anayejua kinachokaa ndani yake.

Lugha kubwa hutafutwa. Lugha kama yetu, kwenye intaneti, hukutwa njiani. Ukiondoa njia ya kukutana nayo kwa bahati, umeondoa wasomaji, na miongoni mwa wasomaji hao ndimo wahariri wa kesho wanamotoka. Hili halihitaji kuwa nia ya mtu yeyote ili litokee. Inatosha kwamba waliokaa mezani kupanga hawakuwa na mtoto wa Kidato cha Pili anayesoma kwa lugha ya tatu.

Tatu: "watazoea"

Sisi wa Kimara tunaijua hoja hii kwa miguu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, daladala zikaondolewa katika Barabara ya Morogoro kati ya kituo cha Kimara na mjini. Aliyelalamika kwamba mabasi hayatoshi aliambiwa kwamba mambo mapya yana changamoto zake, watu watazoea. Wakazoea kweli. Picha za abiria wa Kimara wakiingia basi kwa kupitia dirishani zimezunguka nchi nzima, na ustadi unaoonekana pale haukupatikana kwa siku moja. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeuhesabu ustadi huo kuwa sifa ya basi.

Kuzoea ni uwezo wa binadamu, si ubora wa kitu alichokizoea. Mtu akikaa na kitu kibaya muda mrefu huacha kukilalamikia, na ukimya huo ndio unaorekodiwa kama ridhaa. Ndiyo maana malalamiko ya wiki za kwanza yana thamani kubwa kuliko ukimya wa mwaka wa pili: yanatoka kwa mtu ambaye bado anakumbuka alichokuwa nacho.

Lakini tuseme kweli kwamba watu hukataa kila kipya. Basi Wikimedia yenyewe ina kumbukumbu za kutuonyesha. Mwaka 2013 ilileta kihariri kipya cha kuandikia makala, VisualEditor, ikakiweka kuwa cha kawaida kwenye Wikipedia ya Kiingereza mwezi Julai. Wahariri wakapiga kelele kwamba kinaharibu kurasa. Wakaambiwa hayo hayo ya kuogopa mabadiliko. Ilipofika Septemba kikarudishwa kuwa cha hiari, kwa sababu kweli kilikuwa bado kibichi. Leo kinatumika na wengi na kinafaa. Kimefaa baada ya kupigiwa kelele, kurudishwa jikoni na kupikwa tena. Wanaotaja kukubalika kwake leo kama ushahidi kwamba wapinzani walikosea wameruka katikati ya hadithi.

Mwaka uliofuata mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kilikuja kifaa cha kuonyesha picha, Media Viewer. Wahariri wa Wikipedia ya Kijerumani wakapiga kura kisiwe cha kawaida kwao, na mkabidhi mmoja, yaani mhariri mwenye mamlaka ya usimamizi, akakizima. Taasisi ikajibu Agosti 2014 kwa kubuni kiwango kipya cha ulinzi wa kurasa ambacho hata wakabidhi waliochaguliwa na jumuiya yao wasingeweza kukigusa. Programu ni huria, msimbo uko wazi, kila mtu anaweza kuhariri, isipokuwa pale mtakapohariri tusilolipenda. Ilichukua mpaka Novemba 2015 kiwango hicho kiondolewe. Kitufe kimoja cha picha kikawagharimu zaidi ya mwaka mzima wa kutoaminiana na jumuiya yao ya pili kwa umuhimu.

Na kuhusu Vector 2022 yenyewe: kwenye Wikipedia ya Kiingereza waliotaka ya zamani irudi walikuwa wengi kuliko waliopinga, lakini mjadala ulifungwa kwa hukumu kwamba mwafaka haujapatikana. Ni utaratibu wao, na una mantiki yake. Wikipedia haiendeshwi kwa kuhesabu vichwa. Basi wahariri wa Kiswahili waliutimiza utaratibu huo mpaka tone la mwisho. Mwafaka gani mkubwa kuliko wote kukubaliana? Na hao ndio walioitwa wasumbufu.

(Ni watu hao hao, kwa taarifa, wanaotumia kifaa cha kutafsiri makala kilicholetwa 2015, ambacho pia kilikuwa kipya.)

Nne: hapa watu wanatumia simu

Hili husemwa kwa sauti ya mtu anayetupa karata ya mwisho. Vector 2022 ni ya kompyuta, simu ina mwonekano wake tofauti ambao haukuguswa, na Watanzania wako kwenye simu. Kelele za nini basi? Jibu ni fupi. Kusoma ni kwenye simu. Kuandika makala yenye majedwali, tanbihi na vyanzo bado kunafanyika kwa wepesi zaidi kwenye kompyuta, na wapo wahariri wasio na kompyuta wanaofungua toleo la kompyuta kwenye kioo cha simu, wakikuza kwa vidole viwili. Aliyeguswa ni mwandishi. Ukimfukuza mwandishi, mwenye simu atasoma nini?

Tano: badilisha mipangilio, au tengeneza yako

Mipangilio ipo, tena ni rahisi: ukiwa na akaunti unachagua Vector ya 2010 na maisha yanaendelea. Ukiwa huna akaunti, huchagui. Hata kitufe cha kupanua maandishi, kilichowekwa kwa ajili ya waliolalamikia ule uwazi mweupe wa pembeni, mwanzoni hakikumkumbuka msomaji asiye na akaunti. Akifungua ukurasa mwingine, mistari inarudi kuwa mifupi. Hilo lilirekebishwa baadaye. Kwa nini? Kwa sababu watu walilalamika. Wasioruhusiwa kulalamika ndio waliowaletea wenzao wapole kitufe chenye kumbukumbu.

Nenda kwenye steshenari yoyote ya Kimara mchana, kati ya kutoa kopi na kujaza maombi ya mkopo wa chuo. Kompyuta ni mbili, kioo ni kile kidogo cha mraba kilichonunuliwa mtumba, na kila nusu saa anakaa mtu mwingine. Kwenye kioo kidogo ile orodha ya yaliyomo iliyosifiwa haikai pembeni. Inajificha nyuma ya alama ya vistari ambavyo mwenye kiti hajui vina maana gani. Nilimuuliza kijana mmoja mwenye duka kwa nini asifungue akaunti abadilishe. "Mzee," akasema, "nikifungua akaunti hapa, jioni atakuwa ameshaandika mtu kwa jina langu." Uhuru wa kuchagua umewekwa kwa mwenye kompyuta yake peke yake, ambaye ndiye asiyeuhitaji sana.

Limebaki lile la kujenga yako. Hili nalipenda, kwa sababu anayelisema hukiri bila kujua kwamba mlalamikaji ana haki. Asingekuwa nayo, leseni isingemruhusu kuondoka na msimbo. Na waliowahi kuondoka wapo. Mradi wa GNOME, unaotengeneza mwonekano wa kompyuta za Linux, ulipobadilisha sura mwaka 2011, hata Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliuponda hadharani. Mtumiaji mmoja wa Argentina akachukua msimbo wa toleo la zamani, ukazaliwa MATE, ambao mpaka leo una watu wake. Mwaka 2010 watengenezaji wa OpenOffice waliochoka na mmiliki wake walijitenga wakaanzisha LibreOffice, na leo LibreOffice ndiyo inayowekwa kwenye kompyuta za watu.

Kisa kinachotuhusu zaidi ni cha Wahispania. Februari 2002 wahariri wengi wa Wikipedia ya Kihispania, wakihofia kwamba matangazo ya biashara yangeingizwa, waliondoka kwa pamoja wakaanzisha kamusi elezo yao, Enciclopedia Libre, ikapata hifadhi Chuo Kikuu cha Sevilla. Wikipedia ya Kihispania ikadumaa kwa muda. Matangazo hayakuingia, na mpaka leo hayajaingia. Kwa hiyo hata hilo la kujenga yako lilifanya kazi ya malalamiko, kwa sauti kubwa zaidi na gharama kubwa zaidi kwa pande zote mbili.

Wahispania waliweza kwa sababu walikuwa na watu. Lugha yenye wahariri hai wachache haiwezi kugawanyika mara mbili ibaki na kitu. Wakiondoka kumi, hakuna tovuti ya pili inayozaliwa. Ya kwanza inalala, makala zake zinabaki na idadi ya watu ya sensa ya 2012 na mawaziri waliokwishastaafu, waharibifu wanaingia usiku na hakuna wa kufuta. Wahariri wa Kiswahili hawakuwa na nafasi ya kuondoka, wala mshahara wa kugomea. Walichokuwa nacho ni kura, wakaipiga, na kati ya njia zote ambazo San Francisco ingeweza kujulishwa kwamba imekosea, hiyo ilikuwa ya bei nafuu kuliko zote: haikumgharimu mtu chochote zaidi ya kuisoma.